Stroka au Vifaa vya Kufunga? Hesabu ya Injini kwa Mtu wa Ruiru na Thika

Nianze na jibu ili mwenye haraka ajiendee zake. Kama injini yako ya turbo ni nzima, usiifungue kwa sababu tu unataka kuifanya stroka. Funga vifaa vya nje, rekebisha ramani ya kompyuta yake, pima, kisha endesha. Kama injini imeshakufa na iko mezani kwa fundi vipande vipande, hapo mazungumzo yanabadilika, na nitaeleza kwa nini. Aliyebaki, karibu tupige hesabu pamoja.

Najua kawaida naandika habari za programu. Lakini ukilala Ruiru na kufanya kazi Thika, magari yatakufuata upende usipende. Tangu Barabara Kuu ya Thika ifunguliwe rasmi Novemba 2012, mngurumo wa Subaru umekuwa kama saa ya ukutani: unajua ni usiku wa Ijumaa bila kutazama kalenda. Sasa hivi neno la kujigamba kwenye maegesho ni "stroka". Jirani yangu hapa Ruiru, kijana mwenye Impreza, tayari amechukua fomu za mkopo wa Sacco ili ajengewe injini ya stroka. Wadhamini wake ni wenzake wawili wa kazini. Injini aliyo nayo haina ugonjwa wowote. Ameniuliza kwa sababu mimi ni "mtu wa kompyuta", na nikaona jibu lake linawafaa wengi.

TUELEWANE MANENO KWANZA

Ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Umbali inaosafiri kutoka juu kabisa hadi chini kabisa ndio mwendo wa pistoni, na mwendo huo unaamuliwa na krenki. Ukiweka krenki yenye mwendo mrefu kuliko ile ya kiwandani, pistoni inashuka zaidi, silinda inavuta hewa zaidi, na cc zinaongezeka. Hiyo ndiyo injini ya stroka. Kubadilisha krenki peke yake hakutoshi, maana pistoni itapanda juu zaidi pia na kugonga hedi. Kwa hiyo unahitaji pistoni ambazo tundu la pini limesogezwa juu, au konrodi fupi zaidi, pamoja na beringi, ringi na gasketi mpya. Kwa ufupi, unajenga injini upya.

Vifaa vya kufunga ni vile vinavyofungwa kwa bolti nje ya bloku: chujio la hewa, mabomba ya ekzosi, intakula, turbo kubwa zaidi, pampu ya petroli, nozeli. Kwenye kundi hili naingiza pia ramani ya kompyuta ya injini, ile ECU, ingawa haina bolti hata moja. Ramani ni majedwali tu. Kwa mzunguko huu wa injini na mzigo huu, mwaga petroli kiasi hiki. Washa plagi nyuzi kadhaa kabla pistoni haijafika juu. Ruhusu turbo ifike presha hii. Programa akiiona mara ya kwanza hacheki wala haogopi. Ni safu, mistari na thamani katikati.

HESABU YA KWANZA: CC

Tuchukue EJ20, injini ya Subaru inayojulikana zaidi barabara hii. Ilitoka mwaka 1989 na Legacy ya kwanza, na ikadumu hadi Subaru ilipotangaza mwaka 2019 toleo la kuiaga nchini Japani, magari 555 tu. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 92 na mwendo wa pistoni ni milimita 75. Kanuni ni ya kidato cha pili: 3.1416 gawanya kwa 4, zidisha kwa kipenyo mara kipenyo, zidisha kwa mwendo, zidisha kwa idadi ya silinda. Jibu: 1994cc.

Stroka inayozungumzwa sana ni kuchukua krenki ya EJ25, yenye mwendo wa milimita 79, na kuiweka ndani ya bloku ya EJ20. Rudia hesabu na 79 badala ya 75. Unapata karibu 2101cc. Ongezeko ni asilimia 5 na kidogo.

Soma tena tafadhali. Umefungua injini nzima, umebadilisha krenki na pistoni, umelipa fundi wa leithi, umekaa bila gari kwa wiki kadhaa, na umepata cc 107.

Wenzetu wa Mitsubishi wana hesabu nzuri zaidi. Injini ya 4G63 iliyo ndani ya Lancer Evolution, hadi ile ya tisa, ina kipenyo cha milimita 85 na mwendo wa 88, yaani 1997cc. Ukiiwekea krenki ya 4G64 yenye mwendo wa milimita 100 inafika karibu 2270cc, ongezeko la zaidi ya asilimia 13. Hapo kuna la kuzungumza. Lakini nayo ina bei yake isiyolipwa kwa shilingi. Injini ikizunguka mara 7000 kwa dakika, wastani wa kasi ya pistoni kwa mwendo wa 88 ni mita 20.5 kwa sekunde. Kwa mwendo wa 100 ni mita 23.3. Pistoni, konrodi na bolti zake zinavutwa na kusimamishwa kwa nguvu zaidi kila mzunguko. Ndiyo maana mjenzi mwenye akili huteremsha kikomo cha mizunguko. Wengi huku kwetu hawateremshi, kwa sababu wanapenda kusikia injini ikilia hadi mwisho.

HESABU YA PILI: HEWA YA KWETU

Hili ndilo jambo ambalo video za Wamarekani na Wajapani haziwezi kukuambia, kwa sababu wengi wao hawaishi hapa juu. Thika na Ruiru ziko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Pwani ya Mombasa, presha ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Hapa kwetu ni kama 84 au 85. Tumepungukiwa karibu sehemu moja ya sita ya hewa kabla hata hujawasha gari.

Kwa injini isiyo na turbo, maana yake ni hii: kwa joto lile lile, 1994cc za Ruiru zinavuta hewa sawa na ambayo injini ya takriban 1665cc ingevuta Mombasa. Ukiifanya stroka ya 2101cc, unapanda hadi sawa na 1754cc. Yaani umejenga injini upya na bado hujarudisha hata theluthi moja ya ulichonyang'anywa na mwinuko.

Anayerudisha hewa ni turbo. Tuseme Mombasa unaendesha kwa baa 1 ya turbo kwenye geji. Ukijumlisha na hewa ya kawaida, injini inapata baa 2.01 za presha halisi. Ukija nalo Ruiru na geji ikasoma baa 1 ile ile, injini inapata 1.85 tu. Kupata 2.01 ya Mombasa lazima geji isome karibu 1.17. Turbo inaweza kukupa hiyo, ila inafanya kazi ngumu zaidi. Pwani ilikuwa inazidisha hewa mara 2, huku inazidisha mara 2.4 hivi.

Hewa ukiibana inapata joto. Kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa iliyoingia ikiwa nyuzi 25 inatoka na nyuzi kama 118 kule Mombasa, na nyuzi kama 145 hapa kwetu, kwa presha halisi ile ile. Hiyo tofauti ya nyuzi 27 ndiyo inayoleta kunoki, yaani petroli kulipuka kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni nyundo. Ongeza kwamba magari haya mengi yalipangiwa petroli ya Japani ya oktani 100, na super ya hapa haifiki huko.

Sasa jiulize kama programa: katika mfumo huu, ni wapi panapokaba? Mwaka 1967 Gene Amdahl alieleza jambo ambalo kila mwanafunzi wa kompyuta hulikariri: ukiharakisha sehemu moja ya kazi, faida yako inawekewa mpaka na sehemu ambazo hukuzigusa. Hapa kinachokaba ni joto la hewa, uwezo wa turbo, na ramani iliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Cc zimo kwenye orodha, ila si za kwanza. Intakula kubwa inashughulikia joto. Ekzosi pana inapunguza presha nyuma ya turbo. Ramani mpya inaiambia ECU kwamba tuko mita 1,500 na tunakunywa petroli ya hapa. Vyote hivyo vinafungwa kwa spana.

HESABU YA TATU: STROKA NI SAWA NA KIASI GANI CHA TURBO?

Hii ndiyo niliyomwonyesha jirani kwenye karatasi. Asilimia 5 ya hewa zaidi unaweza kuipata kwa njia mbili: ongeza cc kwa asilimia 5, au ongeza presha halisi kwa asilimia 5. Asilimia 5 ya 1.85 ni karibu baa 0.1. Kwa hiyo stroka ya EJ20 ya 2.1, kwa upande wa hewa peke yake, ni sawa na kupandisha turbo kwa sehemu moja ya kumi ya baa. Kama una intakula nzuri na ramani iliyopimwa, hiyo ni kazi ya mchana mmoja.

Kuna la zaidi. Turbo ya kiwandani ina kikomo cha hewa inayoweza kusukuma. Ikifika mwisho imefika mwisho. Injini kubwa zaidi itafikia kikomo hicho kwenye mizunguko ya chini zaidi, lakini haitakivuka. Nguvu ya juu kabisa inabaki karibu pale pale, ila inakuja mapema. Anayekuambia stroka kwenye turbo ya zamani itakuongezea "farasi mia" anakuuzia hadithi.

WALE WA STROKA WANA HAKI GANI?

Sitaki kuwa kama wale wanaobishana na kivuli. Watu wa stroka wana hoja moja nzito, na kwa mwinuko wetu inakuwa nzito zaidi. Turbo inazungushwa na moshi wa ekzosi. Hewa ikiwa nyepesi, moshi ni mchache, na turbo kubwa inachelewa kuamka. Utakanyaga pale Kenyatta Road ukisubiri nguvu, na utaipata ukikaribia Juja. Injini yenye cc zaidi inatoa moshi mwingi mapema, turbo inaamka mapema, na gari linavuta kutoka chini bila kulilia. Kwa kuendesha kwa kawaida hii ni raha ya kweli. Torki ya chini ndiyo unayoitumia kila siku.

Nakubali hoja hiyo kabisa. Ila angalia inamhusu nani: mtu aliyefunga turbo kubwa. Kama turbo yako ni ile ya kiwandani, ilichaguliwa na wahandisi iamke mapema kwenye lita 2. Tatizo linalotibiwa na stroka huna. Usinunue dawa ya ugonjwa wa jirani.

USIIANDIKE UPYA PROGRAMU INAYOFANYA KAZI

Wenzangu wa programu mnakumbuka Netscape. Toleo la 4 lilitoka mwaka 1997. Wakaamua kutupa msimbo wa zamani na kuandika upya. Toleo la 5 halikutoka kamwe, na la 6 lilitoka Novemba 2000 likiwa halijaiva, wakati huo Internet Explorer imeshachukua soko. Joel Spolsky aliandika makala maarufu mwaka huo huo akisema kuandika upya kutoka mwanzo ni kosa baya kuliko yote ambayo kampuni ya programu inaweza kufanya. Sababu yake ni kwamba msimbo wa zamani, hata ukiwa mbaya kwa macho, umebeba marekebisho ya miaka mingi ambayo huyaoni.

Injini ya kiwandani ni hivyo hivyo. Ilifungwa mahali pasafi, kwa mashine zilizopimwa, na vipimo vya sehemu ya mia ya milimita. Nafasi kati ya beringi na krenki ni ndogo kuliko unene wa unywele wa kichwa. Ukiifungua, kila kipimo kile sasa ni jukumu la mtu wako. Vumbi la barabarani likiingia pale, krenki ya bei yoyote itaharibika.

Sisemi mafundi wetu hawawezi. Thika haikuitwa Birmingham ya Kenya kwa utani. Ni mji wa viwanda; kiwanda cha KVM kimeunganisha magari hapo kwa miaka mingi, na Desemba 2016 Volkswagen ilirudi kuunganisha Polo Vivo papo hapo. Kuna watu wa leithi na wa kusaga krenki ambao mikono yao ninaiheshimu kuliko vyeti vingi. Swali langu si uwezo, ni ushahidi. Katika programu hatuamini msimbo kwa sababu aliyeuandika ni mtu mzuri, tunaendesha majaribio. Kwa injini, jaribio ni karatasi ya vipimo: kipenyo cha kila silinda, unene wa kila jino la krenki, nafasi ya kila beringi, uzito wa kila pistoni. Fundi akikupa karatasi hiyo kabla ya kufunga, mpe kazi. Akikuambia "niamini tu, bro", mshukuru na uondoke taratibu.

Vifaa vya kufunga vina faida ambayo programa yeyote ataielewa: unaweza kurudi nyuma. Weka ekzosi ya zamani kwenye gunia, hifadhi nakala ya ramani ya kiwandani, na kila badiliko lifanye peke yake. Likileta shida, unalitoa na kurudi toleo la jana. Stroka haina kitufe cha kurudi.

DHAMBI ZA WATU WA KUFUNGA

Sasa niwageukie wa upande wangu, kwa sababu nao wameua injini nyingi.

Ya kwanza ni kufunga bila ramani. Ekzosi pana inaifanya turbo ipumue kwa urahisi, na presha inaweza kupanda kupita ile ECU inayotarajia. Petroli haitoshi, joto linapanda, pistoni inapasuka. Kisha watu wanasema "EJ ni dhaifu".

Ya pili ni chujio la hewa lenye nyumba tofauti. Magari mengi ya Subaru hupima hewa kwa sensa iliyo ndani ya bomba la kuvuta hewa. Ukibadilisha upana wa bomba, sensa inaanza kudanganya, na ECU inaamini uongo huo.

Ya tatu ni ile sauti ya "pshhh" inayopendwa sana pale Roysambu. Vali inayotupa hewa nje wakati wa kubadilisha gia inatupa hewa ambayo sensa imeshaihesabu. ECU inamwaga petroli kwa hewa ambayo haipo tena, na gari linakohoa moshi mweusi. Umelipa ili uchome petroli zaidi na uende polepole zaidi. Na mngurumo nao si nguvu. Mngurumo ule wa Subaru za zamani unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyo na urefu sawa, basi.

ORODHA YANGU, KWA MPANGILIO

Hii ndiyo niliyomwandikia jirani. Usiruke hatua.

1. Afya kwanza. Pima kompresheni ya silinda zote nne. Badilisha plagi, oili na mipira ya hewa iliyopasuka. Gari lililorudishiwa afya yake litakushangaza.

2. Rekodi kabla ya kugusa. Kwa Subaru nyingi za kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 kuna RomRaider, programu huria inayofanya kazi kwa kompyuta ya kawaida na kebo ya kuunganisha kwenye gari. Inakuonyesha presha, joto la hewa, na kama ECU inarudisha nyuma plagi kwa sababu ya kunoki. Hiyo ndiyo faili yako ya logi. Bila logi unabahatisha.

3. Breki na tairi. Ndiyo, kabla ya nguvu. Barabara hii ina watu wanaovuka usiku wakikwepa daraja la miguu, na matatu zinazosimama popote. Ukiongeza kasi bila kuongeza uwezo wa kusimama, umeongeza hatari ya mtu mwingine ambaye hakuulizwa.

4. Petroli na joto. Pampu inayotosha, halafu intakula.

5. Ekzosi, na ramani siku hiyo hiyo. Ramani iandikwe gari likiwa kwenye daino au na mtu anayesoma logi, hapa hapa kwenye mwinuko wetu. Faili iliyoandikwa kwa gari la Uingereza, kwa usawa wa bahari na petroli yao, haikuhusu.

6. Rekodi tena, ulinganishe na namba 2. Kama hakuna tofauti, mtu amekula pesa zako na sasa una ushahidi.

Wengi wakifika namba 6 kiu imekwisha.

BASI STROKA NI YA NANI?

Ni ya mtu ambaye injini yake imeshanoki na iko mezani. Gharama za kushusha injini, kusaga, beringi, ringi, gasketi na kazi ya fundi atazilipa kwa vyovyote. Hapo tofauti ya kuongeza krenki ndefu na pistoni zinazoifaa ni ndogo ukilinganisha na jumla, na anapata torki ya chini kama zawadi. Ni ya mtu ambaye tayari ana turbo kubwa, logi zinaonyesha inachelewa kuamka, na ana gari lingine la kumpeleka kazini. Na ni ya mtu wa mashindano, ambaye kanuni za kundi lake zinamruhusu cc hizo.

Na hapo kuna funzo nalipenda. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns akashinda mwaka 2000, wote kwa Impreza za lita 2. Kanuni ziliwazuia kuongeza cc, na juu yake zikawalazimisha kuvuta hewa yote kupitia tundu la milimita 34 mbele ya turbo. Injini zao zilikuwa zimezibwa pua kwa makusudi. Walishinda kwa torki iliyopangwa vizuri, gia, sasipensheni, tairi, na fundi waliopima kila kitu. Anayekuambia huwezi kuwa na gari la maana bila kuongeza cc, mkumbushe matope ya Safari.

NENO LA MWISHO KUHUSU PESA NA KARATASI

Kuna mambo mawili ambayo hayamo kwenye daino. Sheria ya Trafiki inataka msajili ajulishwe ukibadilisha gari kiasi kwamba maelezo ya usajili hayalingani tena na gari lenyewe, na ukubwa wa injini ni mojawapo ya maelezo hayo. Kampuni ya bima nayo inataka kujua mabadiliko yote, ya stroka na ya kufunga pia. Usipomwambia bima, siku ya ajali yeye ndiye atakayekuambia wewe. Mjulishe kwa maandishi, uhifadhi nakala.

La pili ni mkopo. Injini ya kufungwa nje unaweza kuijenga kidogo kidogo, mwezi huu intakula, mwezi ujao ramani, na ukikwama katikati bado gari linatembea. Stroka ni lazima uilipie hadi mwisho ndipo iwake. Pesa zikiisha katikati una bloku chini ya turubai, makato ya Sacco kila mwisho wa mwezi, na wadhamini wawili ambao hawajawahi hata kupanda hilo gari. Ukishindwa kulipa, ni akiba zao zitakazokatwa. Cc 107 hazitoshi kumwekea mwenzako wa kazini mzigo huo.

Mwenye logi zake za kabla na baada, za stroka au za kufunga, alete tuzisome. Namba zikinipinga nitaziweka hapa kama zilivyo. Lakini zije namba, si sauti.